SAMAKI ANAYENYONYESHA KWA NGOZI: HISTORIA YA DISKASI, MFALME WA AKWARIAMU ALIYEWATOA WATU JASHO

Wadau wanaopenda samaki wa mapambo wanamjua. Mviringo, bapa kama kisahani cha chai, macho mekundu, anatembea taratibu utadhani hana haraka na maisha. Anaitwa diskasi. Wafugaji duniani wamempa cheo cha mfalme wa akwariamu, na bei yake inaendana na cheo: mmoja mkubwa mwenye rangi safi anaweza kuuzwa kwa hela ambayo ingekupatia tangi zima la samaki wa kawaida, pamoja na samaki wenyewe ndani.

Ila huo ufalme una stori ya huzuni nyuma yake. Kwa miaka mingi watu walimnunua kwa gharama, wakamlisha vizuri, akataga mayai, mayai yakaanguliwa, halafu watoto wakafa wote. Sio mara moja, ni tena na tena. Na waliokuwa wanawaua ni wafugaji wenyewe, tena kwa nia nzuri kabisa.

Tuanzie mbali kidogo.

KUTOKA MTO MWEUSI MPAKA VIENNA

Mwaka 1817 binti wa mfalme wa Austria aliolewa na mrithi wa ufalme wa Ureno, ambaye wakati huo alikuwa anaishi Brazil. Wazee wa Austria hawakutaka harusi ipite hivi hivi. Kwenye msafara huo wakapakia na wataalamu wa wanyama na mimea, wakaichunguze Brazil. Mmoja wao aliitwa Johann Natterer. Wenzake walirudi nyumbani mapema, yeye akazama msituni miaka 18. Alipoondoka mwaka 1835 alikuwa ameshakusanya ndege zaidi ya 12,000, bila kuhesabu samaki, nyoka na wanyama wengine waliotumwa Vienna wakiwa wamekaushwa au wamelowekwa kwenye pombe.

Kati ya hao waliolowekwa alikuwamo samaki bapa kutoka Rio Negro, yaani Mto Mweusi, unaoungana na Amazon karibu na mji wa Manaus. Jina la mto sio la utani. Maji yake ni ya rangi ya chai kavu iliyokolea, kwa sababu ya majani na miti inayooza msituni. Mwaka 1840 mtaalamu wa samaki huko Vienna, Johann Jakob Heckel, akamwandika rasmi na kumwita Symphysodon discus. Hilo neno discus ni kile kisahani wanachorusha wanariadha.

Natterer mwenyewe hakupata raha ya kazi yake. Alifariki mwaka 1843 kabla ya kuandika aliyoyaona, na mwaka 1848 moto uliotokea kwenye jumba la kifalme ukateketeza madaftari yake mengi. Miaka 18 ya mbu na malaria, halafu karatasi zinaungua mjini! Wenyeji wa mto, hao walikuwa wanamjua huyo samaki kitambo, na wengine walikuwa wanamla tu. Mpaka leo Brazil wanamwita acará-disco, na hilo neno acará limetoka kwenye lugha za wenyeji, sio Kireno.

Kwa karibu miaka mia moja baada ya hapo, diskasi alibaki samaki wa kwenye chupa ya makumbusho. Kumsafirisha akiwa hai ilikuwa shughuli pevu. Meli kutoka Amazon ilichukua wiki nyingi, bahari ya kaskazini ni baridi, na yeye maji yakipoa tu anaanza kuumwa. Wachache walifika Marekani na Ulaya wakiwa hai miaka ya 1930, na wenye nazo wakagombania. Ndege za abiria zilipozoeleka baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo mzigo ukaanza kuingia wa kutosha.

Hapo sasa ndipo balaa lilipoanzia.

SIRI ILIKUWA KWENYE NGOZI

Wafugaji wa zamani walikuwa na uzoefu na ndugu yake diskasi, yule samaki mwembamba mwenye mapezi marefu anayeitwa samaki malaika. Huyo naye ni wa Amazon, na akiwa tangini ana tabia mbaya: anataga, halafu anayala mayai yake mwenyewe. Dawa ikawa rahisi. Akitaga tu, toa mayai, weka kwenye chombo kingine chenye pampu ya hewa, angulisha mwenyewe, walishe vifaranga wadudu wadogo wadogo wa majini. Ilifanya kazi. Watu wakatengeneza hela.

Basi diskasi alipotaga, wakafanya vile vile. Akili ya kawaida kabisa, nani angefanya tofauti? Mayai yakaanguliwa vizuri. Baada ya siku chache vifaranga vikaanza kuogelea. Wakaletewa chakula kile kile walichokula watoto wa samaki malaika. Hawakigusi. Wanazunguka zunguka kwenye kioo, wanagusa gusa kuta kama wanatafuta mlango, wanakonda, wanakufa. Mfugaji anabadilisha maji, anabadilisha chakula, anapandisha joto. Wanakufa. Wazazi wao wako tangi la pili, wazima, wamegeuka rangi ya kiza, wanazunguka pale walipotagia.

Ile rangi ya kiza wengi waliidhania ni ugonjwa.

Jibu lilikuja kwa waliochoka kuhangaika wakaamua kuwaacha watoto na wazazi wao. Wakaona kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote. Vifaranga vilipoanza kuogelea, vyote kwa mkupuo vilimfuata mzazi, vikamganda ubavuni kama nyuki kwenye mzinga, vikaanza kumdonoa. Mzazi ametulia tuli. Kumbe ngozi ya diskasi mwenye watoto inatoa ute mwingi kuliko kawaida, na huo ute ndio chakula chao cha kwanza. Mwaka 1959 mwanasayansi mmoja wa Marekani alilichapisha jambo hilo kwenye jarida la kisayansi, akalieleza kama malezi ya aina ya pekee kwa samaki. Wale vifaranga waliokuwa wanagusa kuta za kioo walikuwa wanatafuta ubavu wa mama.

Sio mama peke yake. Baba naye anatoa. Hii ndiyo sehemu inayowashangaza wengi: diskasi dume ananyonyesha sawa na jike, na wanapokezana. Mmoja akichoka anajitikisa ghafla na kuwapungia watoto upande wa mwenzake, kundi zima linahama. Baada ya dakika chache linarudishwa tena. Ukiwa na jozi inayoelewana, hicho kitu unaweza kukitazama saa zima ukasahau chakula jikoni.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzao wa Brazil, waliupima huo ute. Waliona kwamba mzazi anapofikia wakati wa kutaga, protini kwenye ute inapanda, na kinga za mwili zinapanda pia, kama yalivyo maziwa ya mama. Walifuatilia na tabia. Wiki mbili za mwanzo wazazi hawabanduki kwa watoto. Wiki ya tatu wanaanza kuogelea mbali kidogo, mtoto akitaka chakula inabidi amfukuze mzazi wake. Wiki ya nne muda mwingi kila mtu yuko kivyake, na watoto wameshajifunza kujitafutia. Kwa lugha ya nyumbani, wameachishwa ziwa.

Hapa inafaa kusema kitu kwa wenzetu wa kanda ya ziwa. Diskasi ni wa familia moja na sato, zote ni siklidi, familia ambayo Afrika na Amerika Kusini zote zinayo. Sato jike akitaga anabeba mayai mdomoni, na watoto wakishaanguliwa wakiona hatari wanakimbilia humo humo mdomoni. Kwa hiyo ndugu hawa wote wana jambo la kulea, ila kila mmoja na mtindo wake: huku mdomo, kule ngozi. Mvuvi wa Mwanza akiambiwa kuna ndugu yake sato anauzwa kwa hela nyingi bila kukaangwa, anaweza kucheka mpaka akakaa chini.

RANGI ZIKAINGIA, MAMBO YAKABADILIKA

Baada ya siri kujulikana, mbio zikahamia kwenye rangi. Diskasi wa porini sio wote wanawaka. Wengi ni wa kahawia, wengine wana kijani au michirizi ya bluu usoni na mgongoni. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani aliwagawa kwa hizo rangi, kahawia, kijani na bluu, mbali na yule wa Heckel, na wataalamu wamekuwa wakibishana tangu hapo kama ni aina moja, mbili, au tatu na kuendelea. Wafugaji hawakusubiri ubishi uishe. Daktari mmoja wa Ujerumani aliyekuwa akitibu watu mchana na kuchanganya damu za diskasi jioni, na Mmarekani mmoja wa Florida aliyekuwa akienda mwenyewe Amazon kuchagua mbegu, ni kati ya waliowatoa wale wa rangi ya feruzi mwili mzima. Picha zao zilipoingia kwenye majarida, dunia ya samaki ilichanganyikiwa.

Yule wa Florida alikwenda mbali zaidi. Aliwatoa watoto kwa wazazi tena, ile ile dhambi ya zamani, ila safari hii alijua wanachotafuta. Aliviweka vifaranga kwenye bakuli bapa lenye maji kidogo, akapaka uji mzito wa unga wa mayai pembeni mwa bakuli, pale maji yanapogusa ukuta. Watoto wanagusa ukuta, wanakuta chakula. Ila maji yanachafuka haraka ajabu, kwa hiyo lazima yabadilishwe mara nyingi kwa siku, na kulala ni kwa kuibia ibia. Mtu mzima ndiye aliyegeuka ubavu wa samaki!

Kisha Asia wakaichukua biashara. Hong Kong, Singapore, Malaysia hasa Penang, na Thailand, wakawa wanazalisha kwa maelfu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Thailand ikatoa diskasi ambaye hakuwahi kuonekana: mwili wa rangi ya malai na chungwa, michirizi myeupe, na vidoa vyeusi kama amenyunyiziwa pilipili manga. Wakamwita damu ya njiwa. Wapo waliomwita uchafu, wapo waliouza gari wamnunue, ndivyo mambo ya fasheni yalivyo. Rangi nyingi za kisasa unazoziona leo, mekundu ya moto, manjano, meupe, zina damu yake ndani.

Sasa sikia. Unakumbuka ile rangi ya kiza ambayo wazazi wanageuka wakiwa na watoto? Ina kazi. Vifaranga huvutwa na kitu cheusi, ndivyo vinavyompata mzazi kwenye maji. Damu ya njiwa hawezi kuwa mweusi, mwili wake umepoteza huo uwezo. Wafugaji wengi wakaanza kulalamika kwamba watoto wa hawa samaki wazuri hawawagandi wazazi, wanakwenda kuganda kwenye filta, kwenye hita, kwenye kona yoyote yenye kiza, na wanakufa njaa mama yao yuko hapo hapo, hatua mbili, amejaa ute. Wengine wakabuni ujanja: toa kila kitu cheusi tangini, bakiza kioo kitupu. Wengine wakawa wanawapa watoto mzazi wa kambo wa rangi ya kahawia, yule asiyenunuliwa na mtu. Yaani yule wa bei ya chini ndiye anayewalea watoto wa tajiri. Kama tamthilia ya Kituruki vile.

ANATAKA NINI HUYU MFALME

Ukijua alikotoka, masharti yake hayakushangazi. Anataka joto, nyuzi 28 mpaka 30. Samaki wengi wa mapambo joto hilo linawazidi, ndiyo maana kumchanganya na samaki wa kawaida ni kumtesa mmoja wao. Kwa Dar kipindi cha jua kali hita inaweza kupumzika, lakini Arusha, Mbeya au Njombe bila hita inayofanya kazi usijaribu, na umeme ukikatika usiku kucha tangi lipoe, asubuhi utakuta wamejibana kwenye kona wamekunja mapezi.

Anataka maji laini yenye uchachu kidogo. Kule Rio Negro maji hayana chokaa karibu kabisa. Visima vingi vya pwani ni kinyume chake, maji magumu, mengine yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu. Waliozalishwa utumwani vizazi na vizazi wamezoea maji ya bomba na wanaishi, ila kutaga na kuangua kwenye maji magumu ni bahati nasibu. Maji ya bomba nayo dawa yake ya kuua vijidudu inachoma ngozi, na ngozi ya huyu samaki tumeshaona ina kazi gani. Ukimsikia mfugaji mzoefu anazungumzia kubadilisha maji kila siku au siku mbili, sio kujisifu, ni kwamba amonia kidogo tu inamuumiza.

Halafu asikae peke yake. Anaishi kwa kundi, watano sita, kwenye tangi lenye kina kirefu. Ukiweka wawili, mmoja atamwonea mwenzake mpaka aache kula.

Chakula ndipo watu wanapobishana. Kwa miongo mingi wafugaji wamekuwa wakisaga moyo wa ng'ombe, wanatoa mafuta, wanagandisha, wanakata vipande. Samaki anakua haraka kweli kweli. Ila utafiti uliofungua matumbo ya diskasi wa porini ulikuta zaidi ni mwani, mabaki ya mimea iliyooza na wadudu wadogo. Hakuna ng'ombe Rio Negro anayetumbukia majini kila asubuhi. Moyo wa ng'ombe ni chakula cha mwenye haraka ya kuuza. Anayefuga kwa kumtazama hana sababu ya kuchafua maji yake kwa nyama kila siku.

WALIOBAKI MTONI

Wakati Asia inazalisha, waliokuwa wanavua walibaki pale pale. Mji wa Barcelos, juu kwenye Rio Negro, umeishi miaka mingi kwa samaki wa mapambo. Samaki wao mkuu ni kadogo kenye mstari wa bluu na nyekundu anayeitwa kardinali, ila na diskasi wamo. Diskasi anavuliwa usiku. Mvuvi anakwenda na mtumbwi na tochi, anatafuta penye matawi ya miti yaliyozama, samaki amelala, anamchota na kavu kadogo ka mkono. Mchana wanazungushia wavu rundo la matawi, wanatoa tawi moja moja mpaka samaki wabaki peke yao katikati. Ni kazi ya kimya na subira, na msitu ukikatwa matawi hayo hayaangukii tena majini, kwa hiyo mvuvi mwenyewe ndiye mlinzi wa msitu.

Barcelos wana tamasha la samaki wa mapambo kila mwaka, na mji mzima unagawanyika pande mbili: upande wa Kardinali na upande wa Acará-Disco. Uwanjani ni ngoma, mavazi ya manyoya, masanamu makubwa ya samaki, watu wanacheza mpaka usiku. Mtu wa Bongo haitaji kuelezwa, ni Simba na Yanga ila kwa dansi. Familia moja inaweza kuwa na baba upande huu na mama upande ule.

Lakini wanunuzi wamepungua. Samaki waliozalishwa kwenye matangi Asia na kwingineko ni wengi, wamezoea maji ya bomba, na wanapatikana mwaka mzima bila kungoja mto upungue. Wavuvi wengi wameacha, wamehamia kazi nyingine. Watoto wa mjini wanacheza upande wa Acará-Disco bila kuwahi kumvua.

Aliyebaki na soko la mtoni ni yule yule wa kwanza, diskasi wa Heckel, mwenye mstari mnene mweusi katikati ya mwili. Wafugaji wamemjua tangu mwanzo, wana hita, wana mashine za kuchuja maji mpaka yawe laini kama ya mvua, na bado kumzalisha tangini ni kazi inayowashinda wengi. Anakula, ananenepa, anapendeza, hatagi. Anayetaka Heckel leo, mara nyingi anamsubiri mtu mwenye mtumbwi na tochi.